Tazama Anaporudi: Namna ya Kuishi na Mwenzako Aliyelelewa Tofauti na Wewe

Mwezi wa saba huku kwetu kusini ni mwezi wa salfa, ile dawa ya unga wa njano. Mikorosho inatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga unainyemelea, na kila mwenye shamba anataka mashine yake ya kupulizia iwake leo, si kesho. Mimi ni fundi wa mashine hizo. Kibanda changu kipo Masasi, lakini kati ya Juni na Agosti naitwa Tandahimba, Newala, Nanyumbu, nalala huko siku mbili tatu, kisha narudi nyumbani nikiwa njano kuanzia nyusi mpaka kandambili.

Miaka mingi ya ndoa yetu ugomvi uliletwa na huko kurudi. Nikiondoka mambo shwari, mke wangu ananifungia mihogo ya kuchemsha nakwenda zangu. Nikirudi, mlango haujafunguka vizuri ameshauliza kwa nini simu ilikuwa haipatikani, nani alinipikia, mbona nilisema Jumatano na leo ni Ijumaa. Mimi nauliza maji ya kuoga yako wapi. Nikitoka bafuni naenda kukaa nyuma ya nyumba na kabureta ya mtu mkononi mpaka wote walale.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa anasomea ustawi wa jamii Dar es Salaam. Alikuja likizo akayaona hayo siku nne. Siku ya tano akaniamkia, akakaa chini, akasema, "Mjomba, nina neno, lakini naomba usinikasirikie." Huku kwetu mtoto wa dada hamsemeshi mjomba wake ovyo, kwa hiyo nikajua amelifikiria usiku kucha. Nikaweka bisibisi chini.

Haya ninayoandika yametoka kwenye mazungumzo yale, na kwenye miaka mitatu ya kuyajaribu ndani ya nyumba yangu. Nayaandika kama ninavyomwelekeza kijana anayejifunza ufundi: shika hapa, usishike pale, na hapa ndipo nilipoungua mimi.

Jambo lenyewe

Mtoto mchanga hawezi kujilinda wala kujilisha, kwa hiyo amezaliwa na namna ya kumng'ang'ania anayemlea. Wataalamu wanauita mfungamano. Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa kirefu, na kitabu chake kikubwa kilianza kutoka mwaka 1969. Mwenyewe alilelewa na yaya, na yule yaya aliondoka Bowlby akiwa na miaka 4 hivi. Nadhani mtu akiondokewa mapema hivyo, atalichunguza suala la kuondokewa maisha yake yote.

Aliyenivutia zaidi ni mwenzake, Mary Ainsworth, kwa sababu kazi yake ya kutazama watoto aliianzia Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alifika Uganda, akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, anakaa nao nyumbani, anaangalia mtoto anavyomfuata mama, anavyolia, anavyopokewa. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, akatengeneza jaribio dogo la dakika kama 20. Mama na mtoto wa mwaka mmoja hivi wanaingia chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mtu wasiyemjua. Mama anatoka kwa dakika chache. Halafu anarudi.

Mpwa wangu aliponieleza hapo nilidhani wanapima nani analia sana mama akitoka. Kumbe jicho lilikuwa kwenye kurudi. Watoto wengi mama akirudi walimkimbilia, wakabembelezwa, wakanyamaza, wakaendelea na mchezo. Hao wana utulivu. Wengine walimng'ang'ania huku wakimpiga na kumsukuma, hawabembelezeki. Hao wana wasiwasi. Na wengine hawakumtazama kabisa, waliendelea kugeuza gari la kuchezea kana kwamba aliyeingia ni upepo. Hao wanakwepa. Watafiti walipokuja kupima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo ya mwisho, wakakuta moyo unakwenda mbio kama wa wenzao wanaolia. Kimya kilikuwa cha usoni tu.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakachapisha utafiti wakisema watu wazima katika mapenzi wanafanya hayohayo. Waliweka maswali kwenye gazeti la Denver, wasomaji wakajibu, na zaidi ya nusu walijiweka kwenye kundi la utulivu. Waliobaki wakagawanyika kati ya kukwepa na wasiwasi. Baadaye likaongezwa kundi la nne, la mtu anayetaka kukumbatiwa na papo hapo anaogopa kukumbatiwa, mara nyingi kwa sababu aliyemlea ndiye huyohuyo aliyemtisha. Huyo simsemei sana hapa. Nyumba ya namna hiyo inataka mshauri aliyesomea.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele wakati tunaelezwa. Tulipofika kwa wanaokwepa akasema neno moja, "Kobe," na hakuinua macho. Mimi nilikuwa na jina la mdudu kwa wale wanaong'ang'ania, lakini nililimeza.

Anza kwa kutazama, usianze kwa kusema

Tafuta daftari. Mimi nilitumia lile la kazi, upande wa nyuma. Andika kurudi mara tatu: nani alikuwa nje, alikaa muda gani, na dakika tano za kwanza kila mmoja alifanya nini. Usiandike alivyokosea, andika alichofanya. "Alisimama mlangoni. Aliuliza maswali manne. Nilimpa mfuko wa mahindi bila kumwangalia." Kurudi kokote kunafaa, hata kwa kutoka sokoni.

Usitumie siku ya msiba wala siku ya mnada wa korosho pesa ilipoingia. Siku hizo kila mtu ni mtu mwingine.

Nilipoyasoma yangu niliona aibu. Mara zote tatu neno langu la kwanza lilikuwa kuhusu maji, chakula au mtoto fulani kuacha baiskeli juani. Kama ungenipa daftari lile bila jina, ningesema huyu bwana amerudi gesti.

Kisha ulizaneni: ulikuwa unamlilia nani?

Swali hili lilitengenezwa na mpwa wangu, na nalipenda kuliko yote aliyoleta. Alisema kwetu ukiuliza "mama alikuwepo?" utapata jibu la kupotosha. Watoto wa huku wanalelewa na bibi, mama mdogo, dada mkubwa, na mjomba ana sauti yake. Hata Ainsworth kule Uganda aliona watoto waliofungamana na watu wengine zaidi ya mama. Mtu anaweza kulelewa na bibi tangu hajaota meno akawa mtulivu kama maji ya mtungi. Kwa hiyo uliza: ukiumia mguu, ulimkimbilia nani? Na ulipofika, alifanya nini?

Wakati wa kuuliza una maana. Usiulize kitandani, usiulize katikati ya ugomvi. Sisi tuliulizana tukibangua korosho. Ulishaona kazi ile: unazikaanga kwenye karai mpaka zinashika moto, unazimwaga mchangani, zikipoa unagonga moja moja. Vidole vinakuwa vyeusi, na usipopaka majivu mafuta ya ganda yanakuchubua. Mnakaa ubavu kwa ubavu, macho kwenye korosho. Mwanaume aliyeshika kitu mkononi husema mambo ambayo hayasemi akikalishwa kwenye kochi.

Nikasema yangu. Nililelewa Newala na bibi mzaa mama, kule juu uwandani ambako maji yalikuwa shida na alfajiri ilitukuta tumeshateremka bondeni na ndoo. Mama aliolewa tena, akahamia Liwale. Bibi alinipenda, alinilisha, sikulala njaa. Ila nikilia kumtaka mama, aliniambia yuko njiani anakuja, nyamaza, mwanaume halilii barabara. Mama alikuja mara moja kwa mwaka, msimu wa korosho, juu ya lori. Watoto wenzangu walikimbia kumpokea. Mimi niliendelea kuchonga gurudumu la gari la mti. Nakumbuka nilichonga mpaka likawa dogo mno, halikufaa tena. Sijawahi kumwambia mtu hilo kabla ya siku ile.

Mke wangu aliacha kugonga. Akasema yake. Yeye ni wa Lindi mjini, baba yake alikuwa baharia wa majahazi ya kwenda Kilwa na kwingineko. Mama yake alikuwepo muda wote. Lakini baba alikuwa kipenzi chake, na baba alikuwa na tabia ya kuondoka alfajiri watoto wamelala ili wasilie. Leo anacheza naye ufukweni, kesho anaamka mkeka mtupu. Akawa analala ameshika kona ya shuka la baba. Siku nyingine aliamka ameshika shuka, mwenye shuka hayupo.

Hapo nikaelewa kwa nini nikigeukia ukutani usingizini huwa ananishika fulana.

Ukiwa kobe: sema saa, halafu itimize

Sitakudanganya kwamba utageuka msemaji. Mtu wa kukwepa akizidiwa anahitaji kutoka, na kutoka si kosa. Kosa ni kutoka bila kuaga. Kwa mwenye wasiwasi, mtu aliyenyamaza na mtu aliyeondoka moja kwa moja ni kitu kimoja.

Kwa hiyo aga, na useme utarudi saa ngapi. "Kichwa kimejaa. Naenda kibandani, saa mbili usiku nitakuwa hapa tuongee." Maneno matatu ya lazima: unaenda wapi, unarudi saa ngapi, na kwamba jambo halijafungwa.

Mwanzoni niliharibu mara mbili. Mara ya kwanza nilisema "nitarudi" bila saa, nikadhani nimefanya jambo kubwa. Haikusaidia hata kidogo. Baba yake naye alikuwa akisema atarudi. Mara ya pili nilisema nusu saa, nikarudi baada ya saa mbili na nusu kwa sababu jamaa alileta pikipiki imekatika mnyororo. Ikawa mbaya kuliko kama ningenyamaza. Tangu hapo nasema saa ndefu kuliko ninayohitaji na nawahi. Naweka kengele kwenye simu. Barabarani gari likiharibika natuma ujumbe kabla ya saa kufika, maana ukituma baada ya saa umeshachelewa mara mbili.

Ukirudi, anza na mtu. Kabla ya maji, kabla ya baiskeli, msogelee, mshike bega, sema habari yako moja ya kweli. Yangu ya kwanza ilikuwa, "Leo salfa imeniingia machoni nikakaa chini ya mkorosho kama kipofu, nikakukumbuka." Ilinitoka kwa shida kama jino. Alikwenda kuleta maji ya kuniosha macho, na maswali manne hayakuulizwa. Likaulizwa moja tu.

Jambo jingine kwa kobe wenzangu. Tunajiambia hatuhitaji mtu. Kumbuka mapigo ya moyo ya wale watoto. Ukijiona umetulia mno mwenzako akilia, weka mkono kifuani usikilize.

Ukiwa na wasiwasi: omba, usipeleleze

Sehemu hii mke wangu amekaa pembeni anasimamia, na ameagiza niandike kwamba siku moja nilipokuwa kazini Mangaka, simu alizonipigia zilikuwa 11, si 17 kama ninavyosimulia watu.

Mashine ya kupulizia ikigoma kuwaka, kijana asiyejua huvuta kamba mfululizo. Petroli inajaa, plagi inalowa, na sasa haiwaki kabisa hata kama mwanzo haikuwa mbovu. Unatakiwa uache, ufungue plagi, uifute, usubiri kidogo, ndipo uvute mara moja. Simu ya 11 haikuniwasha. Mimi nilikuwa bondeni hakuna mtandao, nilipopanda kilima zikaingia zote kwa pamoja, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima simu. Yeye alinitafuta kwa sababu anaogopa nitapotea, na kwa kunitafuta vile akanipoteza.

Anachofanya sasa: anapiga mara moja. Nisipopokea, anatuma ujumbe unaosema anachohisi na anachotaka. "Nimeingiwa na hofu. Ukipata mtandao niambie umefika." Halafu simu inaingia kabati la vyombo, yeye anakwenda kwa jirani, au anaanza kazi isiyomwachia mikono mitupu. Kuzitazama tiki mpaka ziwe za bluu ni kazi isiyo na mshahara. Anasema robo saa ya kwanza ndiyo ngumu, mwili unawasha kama aliyepitiwa na upupu, baadaye unashuka wenyewe.

Tofauti ya "uko na nani?" na "nimeogopa" ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. La kwanza linanifanya mshtakiwa nami naingia gambani. La pili sina pa kuingilia. Nabaki nimesimama na mke aliyeogopa.

Na ukimwomba jambo akalitimiza, likubali. Hapa ndipo wenye wasiwasi wanapokosea, naye amekiri mwenyewe. Nilikuwa nikirudi saa niliyosema, naambiwa, "Leo umekumbuka una mke?" Kobe akitoa kichwa ukampiga kofi, utakaa msimu mzima ukisubiri akitoe tena.

Pale ambapo haya si dawa

Nimesikia vijana wawili mjini wameshajifunza maneno haya kidogo, na mmoja anamwambia mchumba wake, "Mimi ni mtu wa kukwepa, nizoee." Hapana, bwana. Msimu wa korosho ukifika, mtu akapata malipo yake akapotelea mjini wiki mbili, akarudi na mifuko mitupu na harufu ya marashi ya kigeni, hilo lisitafutiwe asili utotoni. Mke anayeuliza hapo hana wasiwasi wa kulelewa, ana macho.

Vilevile kipigo. Anayekupiga, anayekufungia ndani, anayekunyang'anya simu na pesa, usikae naye kubangua korosho mkiulizana utoto. Nenda kwa watu wako, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Wapo wanaosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi mambo yameisha. Wataalamu hawasemi hivyo. Alama ya utoto ipo, ila mtu aliyeanza vibaya anaweza kujifunza utulivu ukubwani kwa kukaa na mtu anayetabirika, na wengine hupata hivyohivyo kwa mwalimu, mshauri au rafiki. Kinyume chake pia kipo: mtulivu akiolewa na mtu wa kutoweka-toweka, baada ya miaka mitano utamkuta anapekua mifuko ya suruali.

Kwa wenye watoto wadogo, acheni kuwatoroka. Najua tunavyofanya: bibi anamwita mtoto akaone kuku, mama anapita mlango wa nyuma anawahi basi. Muage, alie mbele yako, mwambie utarudi lini kwa kipimo anachokijua, "jua likifika kwenye mwembe ule." Kilio cha kuagwa kina mwisho. Nilimfanyia hivyo mtoto wetu mdogo mwaka jana nikienda Tandahimba, akalia mpaka stendi wakageuka kututazama. Niliporudi alinikimbilia na salfa yangu yote, akawa njano tumboni.

Jumanne naondoka tena, Nanyumbu, mashine sita kwa mkulima mmoja. Jana usiku nilimwambia mama watoto: narudi Alhamisi, kabla ya Isha. Hakujibu kitu. Asubuhi nimekuta ameandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, "Alhamisi, Isha," na chini yake mdogo amechora kobe.